Rodi za kuzibulia maji taka: za nyuzi, za kufuli, springi au bomba jeusi?

Mwezi wa pili, asubuhi ya Jumamosi iliyoamkia mvua, mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha Ipagala alinitumia picha mbili kwenye simu. Kila picha ina fungu la fito nyeusi kumi, zimefungwa kamba ya mpira na kuegemezwa kwenye ukuta wa duka, ncha zake zinang'aa rangi ya dhahabu. Chini yake akaandika: "Fundi, hizi rodi zinafanana kama mapacha, lakini bei ya moja ni karibu mara mbili ya nyingine. Nichukue ipi? Choo kimerudisha na wapangaji wamejaa mlangoni."

Nikampigia. "Shikamoo mama. Usilipe kwanza. Hapo dukani wana sumaku?"

"Marahaba baba. Sumaku ya nini tena?"

Haya ninayoandika ni jibu nililompa siku ile, pamoja na mengine ambayo kwa simu hayakuenea. Nimezibua mabomba ya maji taka hapa Dodoma kwa miaka 14, kuanzia Chang'ombe na Nkuhungu hadi nyumba mpya za Ilazo na Nzuguni, na kwa mtu anayeingia dukani kununua rodi nina neno moja la kumwambia kabla ya mengine yote: tazama jointi. Unene wa fito, rangi yake, wingi wa vichwa ulivyopewa, hayo yanafuata. Ni mara chache fito kukatika katikati. Huachia pale zinapoungana, na huachia zikiwa ndani ya bomba, mita sita au saba kutoka ulipochuchumaa, chini ya sakafu ya mtu.

Limenikuta. Miaka yangu ya mwanzo nilinunua seti ya bei nafuu kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, muuzaji akaniapia kuwa ni imara. Kazi mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu ilikuwa nyumba ya familia Nkuhungu, bomba la inchi 4 lililopita chini ya korido. Nilikuwa nimeunga fito ya saba, nasukuma huku nazungusha, mara mkono ukawa mwepesi. Mtu wa kazi hii anaujua wepesi ule, moyo unashuka papo hapo. Nikavuta: zikatoka tano. Fito mbili na kichwa chake zikabaki ndani, zimejibana kwenye uchafu uleule niliokuja kuutoa. Tulipasua marumaru ya korido mita mbili nzima, tukachimba, tukakata bomba. Nilipoishika ile jointi iliyoachia ndipo nikaona nilichouziwa: kofia ya bati jembamba kama la kopo la maziwa, imeshikwa kwenye fito kwa ribiti moja tu, na tundu la ile ribiti limepanuka mpaka plastiki imechanika. Marumaru nililipa mimi. Mama wa nyumba ile hakunifokea, aliniletea maji ya kunawa akakaa kimya, na ukimya ule nimeubeba hadi leo. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za rodi simjibu juujuu.

Kwanza ujue kinachoziba bomba lako

Chombo huchaguliwa kwa kazi, na kazi ya Dodoma ina tabia zake. Hapa mchanga ni mwingi kuliko mahali pengi. Sufuria zinasuguliwa kwa mchanga na majivu, miguu inaoshwa bafuni ikitoka kwenye vumbi, na mvua ikija kati ya Desemba na Aprili watu hufunua chemba (vile vishimo vyenye mfuniko kwenye njia ya maji taka) ili maji ya uani yapotelee humo, yakiingia na mchanga na majani ya mwarobaini. Maji yetu ya visima yana chumvi, sabuni haitoi povu upesi, na ile sabuni iliyogoma huganda kama utando mweupe kwenye kuta za bomba. Juu ya utando huo hukaa mafuta ya kupikia, juu ya mafuta hukaa mchanga, na siku moja unapata kitu kigumu kama zege bichi.

Ongeza mgao wa maji. Nyumba yenye choo cha kukaa ikikosa maji siku mbili, watu humwaga kwa kopo. Kopo moja linasogeza uchafu hadi kwenye elbo (kona ya bomba) ya kwanza na kuuacha hapo. Bomba la inchi 4 linahitaji mserereko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita, na maji ya kutosha kuusukuma mzigo mpaka kwenye shimo. Vikikosekana vyote viwili, hakuna rodi itakayokuponya kwa muda mrefu.

Halafu kuna mizizi. Mwarobaini tunaupenda kwa kivuli, nami sina ugomvi nao, lakini ukiupanda karibu na chemba utaingiza ndevu zake kwenye kila jointi isiyopakwa gundi vizuri. Nimewahi kuvuta kutoka bomba la Makole fungu la mizizi lenye urefu wa mkono wangu, limesukana kama mkia wa ng'ombe, limeshika pedi na nywele humo humo.

Kwa hiyo jiulize: ni mchanga, ni mafuta, ni vitambaa na pampasi, au ni mizizi? Mchanga hausukumwi, unalegezwa kwa maji na kukwanguliwa. Mafuta hutobolewa na kusukumwa. Kitambaa na mizizi hunaswa na kuvutwa nje. Rodi zinaweza kazi zote nne ukiwa na kichwa sahihi. Springi inaweza mbili vizuri. Bomba jeusi linaweza moja, lakini hiyo moja linaiweza kuliko vyote.

Za nyuzi na za kufuli

Rodi zinazouzwa zaidi ni fito za plastiki inayopinda, kila moja kama sentimita 92, yaani futi 3, na seti ya kawaida ina fito kumi. Ukiziunga zote unapata mita 9 na kidogo. Huu urefu uweke akilini, nitaurudia.

Tofauti ya picha mbili za yule mama ilikuwa hapa. Seti ya kwanza ilikuwa ya nyuzi: upande mmoja skrubu, upande wa pili tundu lenye nyuzi, unazungusha mpaka ikaze. Ya pili ilikuwa ya kufuli: ncha moja inaingia kwenye mfereji wa nyingine, na kufuli dogo la springi linaruka na kushika.

Rodi za nyuzi zina sharti moja lisilo na msamaha. Zikiwa ndani ya bomba zungusha kulia tu, kama unavyokaza nati, unaposukuma na unapovuta pia. Ukizungusha kushoto hata mizunguko miwili kwa kutaka kulegeza kichwa kilichokwama, unafungua jointi usiyoiona. Hii ndiyo sababu namba moja ya watu wasio mafundi kuacha fito ndani. Kijana wa nyumbani amechoka, kichwa kimenasa, anajaribu kurudisha nyuma, kwisha. Rodi za kufuli hazina hofu hiyo. Unazungusha kulia, unazungusha kushoto, na kichwa kikishika kitambaa unakitikisa pande zote mpaka kilegee. Kwa nyumba ambayo leo atazibua baba, kesho kijana, keshokutwa mpangaji, kufuli linaokoa sakafu.

Lakini sitaki umalize hapo ukakimbilia kufuli. Lina adui, na adui huyo ni mchanga, ambao Dodoma tunao wa kumwaga. Chembe zikiingia kwenye ile springi ndogo, kufuli halirudi vizuri: ama linagoma kufunguka na unakwenda nyumbani na fito tatu zilizoungana kama mkuki, ama, na hili ndilo baya, linaonekana limeshika kumbe limeshika nusu. Baada ya kila kazi lazima ulioshe kwa maji, ulibonyeze mara kadhaa likiwa ndani ya ndoo, ulikaushe, ulitie tone la mafuta. Mtu ambaye anajijua hataosha, bora achukue za nyuzi na aandike ukutani "KULIA TU".

Jambo jingine: za nyuzi zinapatikana upesi. Ukipoteza kichwa au ukitaka kuongeza fito tano, utazikuta maduka mengi, ingawa hata hapo nenda na fito yako mkononi ujaribishe, maana nyuzi za watengenezaji tofauti hazipatani sikuzote. Za kufuli kichwa chake kinaingia kwenye mfumo wake tu. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama ana vichwa vya akiba vya mfumo huo. Akibabaika, jibu umelipata.

Sasa, sumaku. Jointi nzuri, ya nyuzi au ya kufuli, ni ya brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Brasi haishikwi na sumaku. Zile za bei ya chini mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na chuma hicho kwenye maji taka yetu yenye chumvi huota kutu, nyuzi zinalika, na jointi inayoonekana imekaza inakuwa imeshikiliwa na kutu tu. Mimi hutembea na kipande cha sumaku nilichotoa kwenye spika mbovu, kiko mfukoni mwa suruali ya kazi. Kikibandika, narudisha rodi kwenye rafu. Ukikosa sumaku, omba kukwangua kidogo kwa msumari sehemu isiyoonekana: brasi ni njano mpaka ndani, rangi itabanduka na kuonyesha kijivu.

Halafu angalia jinsi kofia ya brasi ilivyoshikwa kwenye fito. Ribiti moja ni chache. Mbili zilizopishana pande, au kofia ndefu iliyobanwa kuzunguka fito yote, hizo ndizo. Shika fito kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine, zungusha kwa nguvu kama unayekamua nguo. Kofia ikicheza hata kidogo ingali mpya dukani, ndani ya bomba itang'oka.

Fito yenyewe

Hapa si pa kukaa sana. Unga fito mbili, shika ncha, pinda mpaka zifanye upinde, kisha achia. Nzuri inarudi ikanyooka. Mbaya inabaki na kibyongo, au unaona mstari mweupe pale ilipopinda, na mstari ule ndipo itakapokatikia. Isiwe laini mno pia. Fito inayolegea kama mpira wa bustani hujikunja ndani ya bomba la inchi 4 badala ya kusukuma. Kama dukani wanazianika nje juani miezi na miezi, achana nazo. Jua la Dodoma huikausha plastiki ikawa ya kuvunjika, na nyumbani kwako pia usiziweke juu ya bati la banda. Ndani, kivulini, zimelazwa.

Vichwa: vitatu vinatosha

Seti nyingi huja na kichwa cha springi mbili zilizosokotana kama kizibuo cha chupa, na kichwa cha mpira cha duara chenye upana wa bomba la inchi 4. Cha kwanza hutoboa na kunasa, cha pili husukuma maji yakasukuma uchafu. Ninachoomba uongeze, hata kama kinauzwa peke yake, ni kikwanguo: bamba la chuma lenye bawaba, linalala ukisukuma na kusimama ukivuta. Kwa mchanga wetu hakuna mbadala wake. Unakipitisha juu ya tuta la mchanga, unakivuta, kinarudi na mzigo hadi kwenye chemba, unauchota kwa kopo. Ni kazi ya subira, mchanga hautoki kwa pupa. Kichwa cha mpira kwenye mchanga mkavu ni kosa, unaushindilia tu.

Springi ya chuma

Watu huuliza: kwa nini nisinunue springi, ile ya kuzungusha kwa mkono, ikaisha? Ni chombo kizuri, ila kwa sehemu yake. Rodi haziwezi kupita kwenye trapu ya sinki (lile bomba lililopinda chini yake) wala kwenye elbo kali ya bomba la inchi 1.5 au 2, springi inapita. Kwa sinki la jikoni na bafu, springi nyembamba ya milimita 6 au inayokaribia hapo, yenye urefu wa mita 5, ndiyo ya kununua, na ukiwa mpangaji wa ghorofa au chumba na sebule huna haja ya kitu kingine.

Kosa ni kuipeleka springi hiyohiyo kwenye bomba la choo la inchi 4. Mle ina nafasi ya kujinyonga. Unazungusha huku nje, ncha haiendi mbele, inajikunja kama nyoka, kisha ghafla nguvu iliyojikusanya inaachia na mpini unakupiga kwenye kifundo cha mkono. Bomba kubwa linataka springi nene, ya milimita 10 na zaidi, na hiyo ni nzito, ni ghali, na kwa urefu wa mita 10 inachosha mtu mmoja. Springi pia inakula kutu. Ukiirudisha kwenye ndoo ikiwa na maji, baada ya mwezi unakuta imeshikana.

Dhidi ya mizizi, springi nene yenye kichwa cha kukata inashinda rodi. Dhidi ya mchanga inashindwa kabisa, inapita katikati kama kijiti kwenye uji na kuacha kila kitu mahali pake.

Roli la faiba

Yale maroli ya fito moja ndefu ya njano yametengenezwa kwa ajili ya kupitisha nyaya kwenye mabomba ya chini ya ardhi. Nimeona watu wakiyatumia kuzibulia. Uzuri wake ni kwamba halina jointi na ni refu, mita 30 au 50. Lakini ni gumu kuzungusha, kwa hiyo kichwa cha kutoboa hakifanyi kazi, na faiba ikikwaruzika hutoa vijinyuzi vinavyoingia kwenye ngozi usivione, vikakuwasha siku mbili. Kama unalo tayari kwa kazi za nyaya, litakusaidia kujua uchafu uko umbali gani. Kulinunua kwa ajili ya kuzibua, hapana.

Bomba jeusi, nondo na mianzi

Nondo ya milimita 8 imetoboa elbo nyingi za plastiki katika mji huu kuliko kitu kingine ninachokijua. Inafika kwenye kona, haipindi, mwenye nayo anadhani amekutana na uchafu, anagonga. Baada ya wiki ukuta una unyevu. Mwanzi unapasuka na kuacha vipande. Viache vyote viwili.

Bomba jeusi la poli, la nusu inchi au robo tatu, ni habari nyingine, na nataka nilitetee. Linauzwa kwa mita, halina jointi ya kuachia, na wengi tayari wana kipande nyumbani kilichobaki walipovuta maji. Halizunguki vizuri na limezoea kujikunja kwa sababu lilikaa kwenye roli, kwa hiyo ncha yake hupanda kwenye ukuta wa bomba. Linyooshe kwanza juani saa moja. Nguvu yake ni kwamba lina tundu ndani. Ukilisukuma hadi kwenye mchanga huku maji yanapita ndani yake kwa kasi, mchanga unachanganyika na kuanza kutembea. Nimezibua bomba la mita 12 Kizota kwa njia hiyo baada ya rodi kunishinda.

Ila sikiliza, na hapa nasema kwa uzito: usilifunge moja kwa moja kwenye bomba lako la maji safi. Mgao ukikatika wakati ncha iko ndani ya uchafu, bomba lililokosa presha linaweza kunyonya maji taka na kuyarudisha kwenye njia ya maji unayokunywa. Tumia pampu ndogo iliyotumbukizwa kwenye pipa, na bomba hilo libaki kuwa la kazi hiyo milele, lisirudi kamwe kubeba maji ya kunywa.

Na zile dawa za kumwaga?

Kostiki soda hupata joto kali ikikutana na maji na huyeyusha mafuta kiasi, lakini ikikutana na kizibo kilichosimama huweza kuganda nacho. Zaidi ya hapo, fundi anayekuja baada yako anaingiza rodi kwenye sumu bila kujua, na tone likimrukia jichoni ni kilema. Ukiwa umemwaga chochote, mwambie. Asidi ya betri usiiguse kabisa, na usichanganye dawa ya chooni yenye asidi na ile ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Pima uwanja wako kabla ya kwenda dukani

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, nyumba zimejengwa haraka sana, na chemba ni kitu ambacho mwenye nyumba hubana ili kupunguza gharama. Nakuta viwanja ambavyo kutoka chemba moja hadi nyingine ni mita 14 au 15. Kumbuka rodi kumi ni mita 9. Hesabu hatua zako. Kama nafasi kubwa zaidi kati ya chemba mbili haizidi mita 8, seti ya kumi inatosha. Ikizidi, utalazimika kuingilia pande zote mbili au uongeze fito, na kila fito unayoongeza inapunguza nguvu inayofika mbele. Zaidi ya fito 15 mimi huona nasukuma upepo.

Funua chemba zote siku kizibo kinapotokea. Iliyojaa na inayofuata iliyo kavu, kizibo kiko katikati yake. Zote zikiwa kavu na choo kimejaa, kizibo kiko kati ya choo na chemba ya kwanza. Zote zikijaa mpaka ya mwisho, usihangaike na rodi: ama shimo lako limejaa na unahitaji gari la kunyonya, ama, kwa waliounganishwa kwenye mtandao wa maji taka, tatizo liko kwenye njia kuu ya mtaani, na hiyo ni kazi ya DUWASA, mamlaka ya maji na maji taka ya Dodoma. Rodi zako zisiingie huko.

Usiingie ndani ya chemba ndefu wala shimo, hata kwa dakika moja ya kuokota kichwa kilichoanguka. Ile harufu ya yai bovu ni gesi inayoua, na ikiwa nyingi hulaza pua, unadhani imeisha kumbe ndiyo umezama ndani yake. Waliokufa mashimoni mara nyingi ni wawili, wa kwanza na yule aliyeshuka kumtoa. Zibua ukiwa juu, na glavu, na buti, watoto mbali.

Na hesabu fito. Zilizoingia ziwe zilizotoka, kabla hujafunika.

Tukirudi kwa mama wa Ipagala

Uwanja wake nilikuwa naujua: vyumba vinane, vyoo vitatu vya kuchuchumaa, chemba nne, nafasi ndefu zaidi ni kama mita 7. Wapangaji wanabadilika, na anayezibua ni yeyote aliyepo. Kama ningekuwa namshauri fundi mwenzangu anayefanya kazi hii kila siku, ningemwambia achukue za nyuzi zenye brasi nzito, maana mkono wake umeshazoea kulia na vichwa vya akiba atavipata popote. Kwa mwenye nyumba ndogo anayekaa mwenyewe na familia, yenye chemba karibu karibu, ningesema springi nyembamba ya sinki pamoja na kipande cha bomba jeusi vitamfikisha mbali, rodi aazime. Mwenye hoteli au bweni la wanafunzi kule njia ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) nisingemwambia anunue chochote kati ya hivi. Mabomba yake ni marefu na makubwa, anahitaji gari la kusafisha mabomba kwa maji ya presha mara moja kwa mwaka.

Kwake yeye nilikuwa naelekea kwenye kufuli, na kwenye simu nikamsikia akimwomba yule kijana wa duka sumaku. Walibandua moja kwenye mlango wa friji ya soda. Seti ya bei ya chini ilinasa papo hapo, nikasikia mlio wake. Ya kufuli haikunasa.

"Lakini fundi, hela yangu haifiki."

Tukatafuta njia. Majirani zake watatu wana shida ileile kila masika, wakachanga, seti ikawa ya nyumba nne. Inakaa stoo kwake. Mchana nilikwenda kumwonyesha mpangaji mmoja namna ya kuliosha kufuli ndani ya ndoo, na mama akafunga utepe mwekundu kwenye kila fito, kisha akaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo: FITO 10, VICHWA 3. Anayeazima anatia jina lake chini ya hapo, na mama anahesabu mwenyewe zinaporudi.